Robo ya Asilimia

Wahenga walisema ahadi ni deni,
hawakusema riba yake ni asilimia ngapi.
Sisi, kiwanda cha minofu Igogo, tumeandikiwa:
kumi na mbili na nusu kwa mwaka,
na robo juu yake
tukishindwa.

Fedha zenyewe hazikufungwa kamba.
Bosi akitaka anunue tanuri, lori, hata viti vya ofisini,
mwenye hatifungani haulizi shilingi yake imelala wapi.
Anauliza mawili:
mmechoma mafuta mazito kiasi gani,
na maji mnayolirudishia ziwa yakoje.
Basi.

Hilo la pili ni langu.
Ngolelwa, maabara, chumba cha nyuma.
Kila Jumatano nashuka na chupa sita hadi bomba la mwisho
pale maji yaliyoosha sangara yanapotoka
na mafuta yao, magamba yao,
na kongoti wamejipanga ukingoni
kama wakaguzi wasiolipwa posho.

Kipimo hiki hakitaki haraka.
Siku tano chupa hulala gizani, nyuzi ishirini,
ndipo nijue uchafu umekula hewa kiasi gani.
Mwaka wa kwanza: mia nne.
Magugu maji yalinenepa hapo kuliko Mwanza nzima.
Tukachimba mabwawa, tukaleta mashine ya kuengua mafuta.
Mia mbili na sitini. Mia moja arobaini.
Nilizipenda namba zile
kama mzazi anavyopenda homa ikishuka.

Lengo: mia moja, mwisho wa Juni.
Juni ishirini na tisa chupa ikasema
mia moja na nane.

Bwana Lusangija wa fedha akashuka ngazi,
yeye asiyeshuka ngazi,
viatu vyake vikateleza kwenye utando.
"Ngolelwa, ni nane tu. Bado kesho.
Huwezi kuteka pale chini kidogo,
maji ya barafu yanapoingilia?"
Si mwizi. Alikuwa amepiga hesabu:
robo ya asilimia ya bilioni ishirini
ni milioni hamsini kila mwaka,
ni mishahara ya wakata minofu kumi na wawili.
Akawataja. Kwandu. Mbuke. Yule mwenye mapacha.

Sitadanganya kwamba nilikataa papo hapo.
Niliosha chupa ambayo ilikuwa safi.
Nikaiosha tena.
Halafu nikaandika mia moja na nane,
kwa kalamu ya wino.

Januari simu ikalia. Shangazi Nkwimba, Magu,
mwalimu mstaafu, aliyeuza ng'ombe wanne
akanunua karatasi zetu badala ya bati la duka:
"Mwanangu, wameniongezea! Kidogo, lakini wameongeza.
Mmefanya vizuri nini huko?"

Nilikuwa nimesimama penye bomba.
Nyongeza yake ilikuwa ikipita miguuni pangu,
zile nane, zikielekea kwenye matete.
Hivi ndivyo mkataba ulivyofumwa:
ziwa likichelewa kupona
mkopeshaji anafutwa machozi, si ziwa.

"Tumefanya vibaya, shangazi."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.
Kisha ile sauti ya darasa la nne:
"Mmekosa ngapi?"
"Nane juu ya mia."
"Na huu mtihani unarudiwa?"
"Juni."
"Haya. Na hela yenu hii nimeipokea, sirudishi."

Lusangija, ambaye miaka mitatu ya taarifa zangu
haikumfikisha hata mlangoni,
wiki iliyopita amesaini kipulizia hewa cha bwawa la tatu.
Milioni arobaini na tatu.
Hakuniambia kitu. Aliacha hati mezani,
na hesabu yake ya penseli pembeni:
hamsini, toa arobaini na tatu.

Leo Jumatano.
Kipulizia kinakoroma, maji yanatoka povu jeupe,
sijui bado yanasema nini.
Nimefunga chupa sita, nimezima taa.
Kongoti mmoja ameondoka.
Wengine wanasubiri, kama mimi,
siku tano.